Kikundi cha utafiti wa mawimbi ya graviti hufanya nini kila siku?

Mwalimu wa Kidato cha Sita
Ndugu wanajukwaa, salaam. Mwanafunzi wangu amenikwamisha: ikiwa wimbi la kwanza la graviti, yaani mtikisiko wa anga lenyewe unaosafiri kutoka mbali angani, lilinaswa tarehe 14 Septemba 2015, nalo lilipita kwa takriban sehemu ya tano ya sekunde tu, watafiti waliokuwa wakilisubiri tangu miaka ya 1970 walikuwa wakienda kazini kufanya nini? Nilimjibu kwamba walikuwa wakipiga hesabu, lakini hata mimi sikuridhika.

Fundi Vioo
Shikamoo mwalimu. Hesabu zipo, ila kazi nyingi ni ya mikono. Chukua kikundi cha Chuo Kikuu cha Glasgow, ambako Ronald Drever na Jim Hough walianza na vyuma vizito vya kunasia mawimbi, kisha wakahamia kwenye leza na vioo. Wimbi lile la 2015 lilibadilisha urefu wa mikono ya LIGO (mitambo ya Marekani ya kunasa mawimbi hayo), yaani mabomba marefu ambamo leza husafiri kati ya vioo, yenye kilomita 4 kila moja, kwa kiasi kidogo mara mamia kuliko upana wa protoni. Kwa hiyo adui wa kila siku ni mtikisiko, uwe wa lori barabarani, wa bahari, au wa joto la uzi wenyewe unaoning'iniza kioo.

Kioo kimoja cha LIGO kina kilo 40, nacho huning'inia kwenye nyuzi nne za silika, aina ya kioo safi sana, kila uzi ukiwa na unene wa milimita 0.4 hivi. Mafundi hupasha kijiti cha silika kwa leza mpaka kilainike, kisha hukivuta kiwe uzi, ufundi ambao kikundi cha Glasgow kiliuendeleza kwa miaka mingi. Waya wa chuma ungeubeba mzigo huo, lakini silika hupoteza nishati kidogo mno inapotetema, na hivyo kelele yake haimezi ishara inayotafutwa. Uzi huo ukiguswa kwa kidole hudhoofika, kwa sababu mkwaruzo usioonekana kwa macho hugeuka ufa.

Msomaji wa Usiku
Naongeza jambo moja: kazi nyingine ni kujizuia kuamini. Septemba 2010 ishara nzuri ilijitokeza katika data za LIGO na za Virgo, mtambo mwenzake ulioko Italia, ikabandikwa jina la Mbwa Mkubwa. Watafiti waliichambua kwa miezi wakaiandikia na makala, hali wakijua kwamba wenzao wachache walikuwa na ruhusa ya kupenyeza ishara bandia kwa siri. Bahasha iliyoficha jibu ilifunguliwa Machi 2011 huko California: ilikuwa bandia.

Mwalimu wa Kidato cha Sita
Nashukuruni sana. Je, naweza kuwaonesha wanafunzi uvutaji huo kwa kijiti cha kioo cha maabara yetu?

Fundi Vioo
Unaweza, mwalimu, kwa kuwa kioo cha kawaida hulainika kwenye moto wa gesi wa maabara, ilhali silika huhitaji joto kali zaidi. Wavae miwani, na vipande vilivyokatika wasiviokote kwa mikono mitupu.