Re: Re: Ofisi imekataa kompyuta yangu (OptiPlex 7010), mwisho Ijumaa

Mama Nasra, Columbus

Asalaam alaykum, na habari zenu wote.

Ile kampuni ya ukalimani wa video niliyowaambia imenipokea. W-9 ya kodi nimejaza, mkataba wa 1099 (wa kujitegemea, si mwajiriwa) nimesaini, mafunzo ya HIPAA, sheria ya siri za wagonjwa, nimemaliza. Jana nikafanya jaribio lao la kompyuta, likanikataa. Barua ya ofisi yao ya mitambo ni mistari miwili tu: mfumo haukubaliki, onyesho halitoshi. Nikipiga simu naunganishwa na sauti ya mashine inayonishukuru kwa subira yangu. Mwisho wa kurudia jaribio ni Ijumaa.

Kompyuta ni OptiPlex 7010, lile kasha jembamba, SFF. i5-3470, rami GB 8. Niliipata dola 45 kwenye duka la chuo kikuu linalouza vifaa vyake vya zamani. Nyuma ina matundu ya skrini: VGA moja na DisplayPort mbili. Wao wanataka skrini mbili za 1080p, moja ya daktari na mgonjwa, nyingine ya istilahi. Yangu ya pili iko nyeusi tii. Nikiweka kadi ya grafiki watanikubali? Na ni ipi inayoingia kwenye kasha hili?

Fundi wa Kariakoo, Houston

Dada, 7010 haina neno. Mimi ninayo, imepokea Windows 11 bila kuguna na inaendesha skrini mbili za 4K. Hao wanakuzungusha tu.

Baba Mwinyi, Minneapolis

Fundi, soma kwanza ndugu yangu. 7010 ziko mbili. Dell walitoa moja 2012, halafu mwaka 2023 wakalirudia jina lilelile. Yako ni ya 2023. Ya dada ina prosesa ya kizazi cha tatu na TPM 1.2, ile chipu ya usalama. Windows 11 inadai TPM 2.0, na kwa Intel ni kizazi cha nane kwenda mbele. Windows 10 ilikatiwa huduma Oktoba 14, 2025. Huo ndio mstari wa kwanza wa barua yake, wala hauhusiani na kadi.

Mstari wa pili: grafiki ya i5-3470 imo ndani ya prosesa yenyewe, inaitwa HD 2500. Skrini mbili inaziweza, tatu haiwezi.

Fundi wa Kariakoo, Houston

Yangu ni ya 2023, nimekubali. Lakini ukikosoa wenzio kosoa sawasawa, mzee. HD 2500 inawasha skrini tatu kwa pamoja, DisplayPort zote mbili na VGA. Mwenye kikomo cha mbili ni HD 2000, ile ya OptiPlex 990 ya 2011.

Shangazi wa Kisauni, Birmingham

Mama Nasra, skrini ya pili umeiunga kwa kebo gani? Ya DisplayPort kwenda HDMI ni ya njia moja. Mpwa wangu alinunua ile ya HDMI kwenda DisplayPort, akaigeuza kichwa chini miguu juu, akashinda siku nzima akiilaumu skrini. Halafu andika dxdiag pale pa kutafutia, fungua sehemu ya Display. Ukikuta jina ni Microsoft Basic Display Adapter badala ya Intel, draiva haipo, na skrini ya pili hutaiona hata kwa kebo ya dhahabu.

Mama Nasra, Columbus

Imeandika Intel HD Graphics, shangazi. Kebo aliiunga mwanangu, yuko ghalani kazini hadi usiku. Lakini kadi jamani?

Papa Bukavu, Louisville

Jambo yenu bote.

Mimi nilipitia huko huko, kampuni nyingine. Nilikuwa na HP Compaq Elite 8300 SFF, ndugu wa hiyo 7010, wa mwaka uleule. Nikanunua kadi ya grafiki, GT 1030. Hiyo inakula wati 30, haiombi waya wa umeme wa pembeni, na ni vizuri kwa sababu pawa saplai za makasha haya hazina waya huo. Iwe fupi, low profile, na uangalie kwenye boksi kama kuna kile kibati kifupi cha kufungia. Changu kilikuja kirefu, kasha likakataa kufunga. Pia GT 1030 ziko za memori ya GDDR5 na za DDR4, na hizo za DDR4 ni polepole sana.

Nikaifunga, nikaunga skrini kwenye kadi, picha safi. Nikarudia jaribio. Wakanikataa tena: Windows 10. Mwishowe nilichukua ThinkCentre M720 ya 2018, ina grafiki ya ndani, UHD 630, sikuongeza kadi yoyote. GT 1030 iko kwenye droo.

Ile kadi ukiigeuza, angalia ubao wake. Kwenye baadhi utaona vitu vidogo vya njano vyenye mstari upande mmoja. Ni kapasita za tantalamu. Tantalamu inatoka kwenye madini ya koltani, na koltani inatoka kwetu Kongo, Rubaya kule Masisi, ambako waasi wa M23 walikamata machimbo 2024. Mama yangu mdogo yuko Goma. Mimi natafsiria wagonjwa wa Kentucky, na nyumbani simu hazipiti.

Shangazi wa Kisauni, Birmingham

Pole sana Papa. Mungu awalinde.

Baba Mwinyi, Minneapolis

Pole, ndugu. Na sisi Kenya tuliahidiwa laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza, 2013. Zikageuka tableti. Watu wazima wanaendelea na ex-UK, mitumba ya Uingereza, za mtaa wa Luthuli Nairobi, na huenda hii ya dada ingefika huko huko.

Fundi wa Kariakoo, Houston

Ahadi hazina nchi. Ila nyinyi angalau mlipata tableti.

Baba Mwinyi, Minneapolis

Mimi sikupata kitu, nilikuwa Minneapolis.

Binti Ujiji, Dayton

Samahani kuingilia. Wenye EAD, kadi ya kibali cha kazi: mkiomba upya kuanzia Oktoba 30, 2025, ile nyongeza ya muda ya hadi siku 540 iliyokuja yenyewe haipo tena, isipokuwa kwa wachache. Kampuni za ukalimani zinaangalia tarehe ya kadi kabla ya kompyuta. Msingoje.

Shangazi wa Kisauni, Birmingham

Binti, anayeulizia kadi anaulizia ya grafiki.

Binti Ujiji, Dayton

Najua. Nimesema kwa wengine. Na risiti ya mashine mpya itunzwe, inaingia Schedule C, fomu ya kodi ya wanaojitegemea.

Mzee Tudor, Columbus

Mama Nasra, hiyo 7010 ukiiacha usimpe mtu. Nina nafasi kwenye kontena la Mombasa. Shule ya mtaani kwetu inazitaka, watoto wanajifunzia kuchapa, Linux, mfumo wa bure, inakaa humo bila tabu. Dola 45 zako nakurudishia.

Fundi wa Kariakoo, Houston

Mzee, pawa saplai yake inakubali umeme wa kwetu?

Mzee Tudor, Columbus

100 hadi 240, inajigeuza yenyewe. Zile za zamani zaidi zenye swichi nyekundu ndizo zinazounguza nyumba.

Baba Mwinyi, Minneapolis

Na CoC ya KEBS je, kile cheti cha viwango vya Kenya? IDF, fomu ya kuingiza bidhaa, umefungua?

Mzee Tudor, Columbus

Nilijua utauliza. Nipigie usiku.