Vifaranga wa bantamu wanakamilika lakini wanafia ndani ya ganda

Bi_Makorora (Tanga mjini)

Salaam wakuu. Mashine yangu ya kutotolea ni ya feni, ya mayai 48, inageuza mayai yenyewe. Mayai ni ya bantamu (wale kuku wadogo), moja lina gramu 28 hadi 32. Joto liko 37.5, unyevu kwenye kioo cha mashine unasoma asilimia 65 hadi 70 tangu siku ya kwanza, maana kijitabu kinataka mifereji yote miwili ijazwe maji muda wote. Nikimulika siku ya 7 na ya 14 mayai mengi yana uhai. Ikifika kutotoa, karibu nusu hawatoki. Ukipasua ganda unamkuta kifaranga kamili, ana manyoya, kalowa chapachapa. Wengine wametoboa kitundu wakaishia hapo. Je, bantamu wanataka joto la peke yao?

Trei_Thelathini (Pongwe)

Joto ni lile lile la kuku wengine, dada. Tatizo lako ni maji.

Yai likiwa mashineni lazima lipungue uzito. Maji yanatoka kupitia vitundu vya ganda, na nafasi yake inachukuliwa na hewa kwenye upande butu. Hadi kufika siku ya 17 au 18 liwe limepoteza asilimia 12 au 13. Kifaranga, kabla hajadonoa ganda, anatoboa kwanza kile kifuko cha hewa na kuanza kuvuta pumzi kwa mapafu. Kifuko kikiwa kidogo hewa inamwishia, au anakosa nafasi ya kujizungusha. Ndio hao unaowakuta wamelowa.

Kijitabu hakikuandikwa kwa ajili ya Tanga. Hewa ya hapa ikiwa nyuzi 30 na unyevu 75, ukiipasha hadi 37.5 bila kuongeza hata tone la maji, unyevu wake unashuka wenyewe hadi karibu 49. Kinachotakiwa siku 17 za mwanzo ni 45 hadi 50. Kwa hiyo huku pwani endesha mashine kavu, matundu ya hewa wazi. Aliyeko Lushoto, asubuhi ya nyuzi 18 na unyevu 80, hewa hiyo ikishapashwa anabaki na kama 26 tu. Yeye bila maji atakausha mayai. Mashine moja, mkoa mmoja, maelekezo mawili.

Ila usikiamini sana kioo, amini mizani ya jikoni inayosoma gramu. Pima mayai yote siku ya kuweka, gawa kwa idadi, upate wastani. Yai la gramu 30 liwe karibu 28.4 siku ya 7, na 26 na kitu siku ya 17. Ukitoa mayai viza, pima upya yaliyobaki na ulinganishe wastani wao, usilinganishe jumla. Yakipungua haraka mno, tia maji kwenye mfereji mmoja mwembamba. Kumbuka kina cha maji si hoja, upana wa uso wa maji ndio unaoongeza unyevu.

Kuchi_na_Bantamu (Muheza)

Kuhusu maji sina la kupinga. Lakini hiyo 37.5 umeihakiki, au ndivyo mashine inavyosema? Vipimo vya mashine za bei nafuu hukosea hata kwa nyuzi nzima. Chukua kipimajoto cha homa, kitie kwenye maji ya uvuguvugu pamoja na kile cha mashine (kama ncha yake haiharibiki kwa maji), ulinganishe. Kipima unyevu kina dawa yake: kizibo cha soda kilichojaa chumvi, matone machache ya maji hadi iwe uji mzito usioyeyuka, kifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwa saa kumi na mbili. Kisome 75. Kikisoma 69, basi ongeza 6 kwa kila unachokiona.

Dalili za joto ni hizi. Likiwa chini kidogo wanatoka wamechelewa, wazito, matumbo makubwa. Likiwa juu wanatoka mapema, wadogo, vitovu havijafunga. Bantamu kwa kawaida yao hutoka siku ya 19 au 20, kwa hiyo usilaumu joto kwa kuwa tu hawakungoja siku ya 21.

Na kwa wenye mashine zisizo na feni: humo hewa ya juu ina joto kuliko ya chini, ndiyo maana inatakiwa 38.3 hadi 38.9 usawa wa mgongo wa yai. Ukikiacha kipimo kwenye kimo cha yai la kisasa, yai la bantamu lililo chini yake linapata pungufu.

Trei nayo iangalie. Vikombe vya mayai makubwa vinaliacha la bantamu likicheza, mara limelala, mara ncha kali juu. Kata vipande vya trei ya karatasi ushikilie kila yai, upande butu juu. Kwenye trei ya rola ndiyo mbaya zaidi, linateleza bila kugeuka. Andika X upande mmoja na O upande wa pili kwa penseli uone kama kweli linageuka.

Bi_Makorora

Ahsanteni. Sasa siku za mwisho, nayo kavu? Halafu umeme ukikatika? Na nusu ya mayai ni ya wale wa Kijapani wenye miguu mifupi, jike na dume.

Trei_Thelathini

Hapana, mwisho ndipo maji yanapoingia. Siku ya 17 (siku ya kuweka hesabu ni sifuri) zima mgeuzo, laza mayai, tia maji ya vuguvugu mifereji yote hadi 65 au 70. Usizibe matundu ya hewa, wanapumua. Baada ya hapo usifungue. Kitundu cha kwanza hadi kutoka ni saa 12 hadi 24, na kila unapofungua utando unakauka unamganda kifaranga kama karatasi. Huyo ukimpasua humkuti amelowa, amebanwa mkavu. Waliotoka waache humo wakauke, kiini kilichoingia tumboni mwao kinawatosha zaidi ya siku nzima.

Kuchi_na_Bantamu

Wa Kijapani: miguu mifupi kwa miguu mifupi, robo ya mayai yenye mbegu hufa yenyewe kwa sababu ya kurithi jeni ya miguu mifupi pande zote mbili. Hakuna mashine itakayowaokoa. Pandisha mfupi kwa mrefu. Nusu watatoka wafupi na hasara hiyo haipo.

Umeme ukikatika, usifungue mfuniko. Funika kwa blanketi ukiacha matundu wazi, hasa mayai yakipita wiki mbili, maana hapo yana joto lake na yanataka hewa. Ikizidi saa mbili, weka ndani chupa za maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia, zisiguse mayai. Saa chache za baridi huchelewesha tu, ingawa yai dogo hupoa upesi kuliko kubwa. Cha kuogopa ni kuzidisha joto: 40 kwa muda mrefu unapoteza trei nzima.