Kisu cha springi: maji, oili chafu au mafuta ya kupikia?

Kijana_Jinja: Wakubwa, shikamooni. Nimechonga kisu kutoka springi ya taksi niliyonunua kwa wauza vyuma chakavu. Bado kukitia ugumu tu. Cha kwanza nilikizamisha kwenye ndoo ya maji, nikasikia "ti!" Ufa, kutoka makali hadi karibu na mgongo. Siku tatu za kupiga tupa zikaenda hivyo. Sasa nitumie nini?

Fundi_Katwe: Pole mdogo wangu. Springi nyingi zina kaboni takriban asilimia 0.6 na viungo vingine vinavyokifanya chuma kishike ugumu bila kupozwa ghafla. Maji yanakishtua bure. Tumia mafuta, na uyapashe kwanza hadi nyuzi 50 au 60. Mafuta baridi ni mazito, hayazunguki chuma upesi, kwa hiyo yanapoza vibaya kuliko yenye uvuguvugu. Wengi hawaamini mpaka wajaribu.

Mwenye_Bucha: Mnayaonea maji. Marehemu babu alivitia maji visu vyake vyote na havikupasuka.

Fundi_Katwe: Heshima kwa babu, mzee. Alizamisha kisu kizima au makali tu?

Mwenye_Bucha: Makali tu, kusema kweli. Mgongo unabaki mwekundu, anakitoa, anakisugua kwenye jiwe na kutazama rangi ikitambaa kuelekea makali.

Fundi_Katwe: Basi lile joto la mgongo ndilo lililokuwa likiyapunguzia makali ukavu, yaani wepesi wa kuvunjika. Babu alikuwa fundi hasa. Mwanagenzi asimwige.

Mhunzi_Arua: Oili chafu inagumisha, ila moshi wake mbaya na imejaa masalia ya injini. Kisu cha jikoni sikiingizi humo. Chukua alizeti, lita tatu hivi, kwenye mkebe wa chuma, na mfuniko uwe karibu. Usipime moto juani, wekundu hauonekani. Mimi hungoja magharibi. Sumaku ikiacha kunasa (karibu nyuzi 770) ongeza moto kidogo, rangi iwe moja kisu chote, kisha zamisha wima, ncha ikitangulia. Ukikilaza kitapinda. Kikipoa pitisha tupa: ikiteleza, umefaulu. Ikikwaruza, rudi motoni.

Kijana_Jinja: Ikiteleza nimemaliza?

Fundi_Katwe: Wapi! Hapo kikidondoka sakafuni kinavunjika kama glasi. King'arishe kwa msasa, kiweke kwenye oveni nyuzi 200 saa mbili, kipoe, halafu saa mbili tena. Unataka chuma kigeuke rangi ya manjano ya majani makavu. Makali yakiwa bluu umepitiliza, yatakuwa laini, hayatakaa na ukali.

Kijana_Jinja: Oveni sina, ila dada jirani anaoka keki. Umeme ukikatika katikati je?

Mhunzi_Arua: Ukirudi unaanza upya, chuma hakidhuriki. Ila kioshe kwa sabuni kwanza, keki za watu zisinuke mafuta.