Geraldine wa «Christabel»: ni pepo mwovu, au naye ametumwa?

MpendaTungo (muulizaji)

Habari zenu wanajukwaa. Nimemaliza kusoma kwa mara ya tatu shairi la kisimulizi la Mwingereza Samuel Taylor Coleridge liitwalo «Christabel». Kwa maelezo yake mwenyewe katika dibaji, sehemu ya kwanza aliitunga mwaka 1797 huko Stowey na ya pili mwaka 1800 huko Keswick, zote Uingereza, kisha likachapishwa mwaka 1816 likiwa bado halijakamilika. Christabel, binti wa Sir Leoline, anatoka ngomeni usiku wa manane kwenda msituni kumwombea mchumba wake aliye mbali. Nyuma ya mwaloni anamkuta Geraldine, mwanamke mzuri mno aliyevaa hariri nyeupe, ambaye anasema kwamba wapiganaji watano walimteka na kumwacha pale. Anamhurumia, anampeleka nyumbani, wanalala kitanda kimoja, na asubuhi inapofika Christabel si yule wa jana.

Ishara zote za kutisha zinamshitaki mgeni huyu, lakini kuna mahali ambapo naona mshairi anamhurumia. Je, Geraldine ni mwovu kwa hiari yake, au yuko chini ya amri ya nguvu nyingine? Na kwa kuwa kisa kimekatika njiani, tuna haki gani ya kumhukumu?

Mwanafasihi

Ndugu MpendaTungo, mimi naanzia mlangoni, kwa sababu hapo ndipo fasihi ya gothiki, yaani ya visa vya kutisha vya ngome na mizimu, inapoweka mitego yake. Geraldine anaanguka mbele ya kizingiti. Christabel anamwinua kwa nguvu zake zote na kumvusha. Na wakishakuwa ndani, mgeni anatembea kana kwamba hakuwa na maumivu yoyote. Katika imani za kale za Ulaya, kiumbe mwovu hawezi kuvuka kizingiti mpaka mwenyeji amwingize. Christabel anamwomba wamshukuru Bikira Maria, naye anajibu kwamba uchovu haumruhusu kusema. Mbwa jike mzee aliyelala nje, ambaye hajapata kulia vibaya mbele ya Christabel, ananguruma usingizini. Kisha, ukumbini, vijinga vinavyokaribia kuzimika vinatoa ulimi wa moto mgeni anapopita, na katika mwanga huo Christabel anaona vitu viwili tu: jicho la Geraldine na kitovu, yaani nundu ya katikati, cha ngao ya baba yake iliyotundikwa ukutani. Nimelisoma tukio hilo mara nyingi, na kila mara ngao ile hunisikitisha, kwa sababu ipo pale pale na haimkingi mtu.

Hata mapigo ya shairi yanafanya kazi hiyo. Sisi tuliozoea mizani ya utenzi tunaweza kudhani mtunzi amekosea hesabu, maana mishororo yake ina silabi kuanzia saba hadi kumi na mbili. Yeye alihesabu mikazo minne, yaani silabi nne zinazotamkwa kwa nguvu, katika kila mshororo, ndiyo maana mwendo unafupika ghafla hofu inapopanda. Kwangu mimi ushahidi huu unatosha: Geraldine ni mwovu.

KandiliYaUsiku

Kaka Mwanafasihi, ishara ulizozitaja ni za kweli, ila umeishia ukumbini wakati swali lenyewe limo chumbani. Geraldine anapovua nguo, msimulizi anatuambia kwamba kifua chake na nusu ya ubavu wake ni jambo la kuota, si la kusimulia, na hasemi zaidi. Katika muswada kulikuwa na mshororo uliosema kwamba mwili huo ni mkavu, mzee na wenye rangi ya kuchukiza. Coleridge aliuondoa alipochapisha, na mhakiki Hazlitt akamlaumu mwaka huo huo wa 1816 kwa kuficha ufunguo wa kisa. Mimi namuunga mkono mshairi. Mshairi Byron alipoikariri sehemu hiyo karibu na Geneva mwezi Juni 1816, mshairi mwenzake Shelley alipiga kelele na kukimbia nje ya chumba, akiwa amejiwa na taswira ya mwanamke mwenye macho mahali pa chuchu, jambo ambalo halimo hata katika muswada.

Lililo muhimu zaidi kwa swali letu ni mishororo iliyoongezwa katika toleo la mwaka 1828. Humo Geraldine, kabla ya kulala kando ya msichana, anasimama kimya na uso wa mtu aliyepigwa, kana kwamba anajaribu kuinua mzigo kutoka ndani mwake na kushindwa, kisha anatafuta kuchelewa. Miaka kumi na miwili baada ya kuchapisha, mtunzi aliongeza maumivu ya Geraldine, wala hakuongeza kitisho. Derwent, mwana wa Coleridge, naye aliandika kwamba Geraldine hakukusudiwa kuwa mchawi, bali roho inayotekeleza kazi iliyopangiwa. Wako pia wahakiki wa karne ya 20 walioona katika kitanda kile tamaa ya mapenzi isiyoweza kutajwa. Usomaji huo una nguvu, ingawa hautoshi kueleza habari ya mama aliyefariki, ambaye roho yake inamlinda bintiye na ambayo Geraldine anaifukuza.

MzeeWaVina

Wanangu, mnagombania tafsiri bila kutambua kwamba ugomvi huo umo ndani ya shairi lenyewe. Katika sehemu ya pili, Bracy, malenga wa ngome, anasimulia ndoto: amemwona njiwa anayependwa na Sir Leoline, njiwa aliyepewa jina la binti yake, akihangaika peke yake msituni. Alipoinama kumtazama aliona nyoka wa kijani kibichi, rangi ile ile ya majani, amejiviringisha mbawani na shingoni mwake, akivimbisha shingo kila njiwa alipovimbisha yake. Jina la binti limetajwa waziwazi. Hata hivyo baba, aliyesikiliza nusu nusu huku akitabasamu, anamgeukia Geraldine, anamwita yeye njiwa, na kumwahidi kumponda nyoka.

Naye Christabel hawezi kumsahihisha, kwa kuwa uchawi aliotiwa na Geraldine usiku ule kitandani umetawala ulimi wake. Anaweza tu kumwomba baba amwondoe mgeni, na baba anaona ombi hilo ni aibu kwa nyumba yake. Tena uso wa msichana unaanza kuiga jicho la chuki alilotazamwa nalo, kama vile shingo zile mbili zilivyovimba pamoja. Sioni kitisho kikubwa kuliko hicho cha mtu anayejua ukweli huku uso wake mwenyewe ukitoa ushahidi dhidi yake.

MpendaTungo (muulizaji)

Nawashukuru nyote. Mzee wangu, shingo zile mbili nilizipita bila kuziona. Nimerudi pia kwenye mwisho aliousimulia daktari Gillman, ambaye Coleridge aliishi kwake Highgate, London: Geraldine anajigeuza kuwa mchumba wa Christabel, wawili hao wanafika madhabahuni, mchumba wa kweli anaingia na pete, kengele ya ngome inalia na sauti ya mama inasikika. Kengele naikubali, kwa sababu katika sehemu ya kwanza mama aliahidi, alipokuwa akifa, kwamba ataisikia siku ya harusi ya bintiye. Ila katika mwisho huo Geraldine anatoweka tu, na uso ule wa mwaka 1828, wa mtu anayeinua mzigo asiouweza, haupati jibu.