Kashamba kabla ya theluji: kipi kianze?

Habari za humu ndani, na wakubwa shikamooni. Familia yetu imepata kashamba nje kidogo ya Lewiston, Maine. Kuna kuku 12, mbuzi jike 2, jiko la kuni, na bustani ya sukuma, mchicha, nyanya chungu, nyanya na maboga. Kabla theluji haijashuka, kipi kianze na kipi kinaweza kungoja?

---

Marahaba. Nianze na bustani.

Kianze kile kinachokufa usiku mmoja. Huku jalidi ya kwanza huja mwisho wa Septemba au mapema Oktoba, usiku wa anga safi usio na upepo, na hutangulia bondeni kwa sababu hewa baridi huteremka kama maji. Mchicha, bamia, nyanya chungu na nyanya hazivuki nyuzi 0 za Selsiasi. Sukuma inavumilia hata chini ya -5, tena inakuwa tamu zaidi baada ya jalidi, basi iacheni shambani.

Mbegu zitoeni mapema. Kateni masuke ya mchicha, yatundikeni ndani vichwa chini kwenye mfuko wa karatasi. Nyanya chungu ya mbegu ni ile iliyokwisha kuwa nyekundu. Ya kijani mbegu zake hazijakomaa, hazitaota. Nyanya mbichi zilizoanza kung'aa zitaivia ndani, zikipangwa safu moja bila kugusana.

Maboga kateni kwa kisu mkiacha kikonyo cha sentimita 5 hadi 8, wala msiyabebe kwa kikonyo. Kikikatika, pale ndipo uozo unapoingilia. Yaacheni siku 10 hadi 14 mahali pa joto la nyuzi 27 hivi penye hewa, ganda likaze hadi ukucha usiingie. Halafu yawekeni kwenye chumba kikavu cha nyuzi 10 hadi 13. Chini ya nyumba kwenye unyevu hayafiki Krismasi.

Sukuma ya friza: chemsheni majani dakika 3, yatumbukizeni kwenye maji ya barafu dakika 3 nyingine, yakamueni, yafungeni kwa kipimo cha mlo mmoja. Nawasihi, msiweke mboga za majani kwenye mitungi ya kioo na kuichemsha kwenye sufuria la kawaida. Maji yanayochemka hayaui vijidudu vya botulizimu, na sumu yake huua bila kubadili ladha wala harufu. Mboga za majani za mtungi zinataka sufuria la presha la kuhifadhia, kwa muda ulioandikwa kwenye mwongozo wake.

Katikati ya Oktoba ni zamu ya vitunguu saumu, na kazi hii watoto wanaiweza kabisa. Nunueni mbegu ya aina yenye shina gumu. Vile vya dukani mara nyingi ni vya nchi za joto na havistahimili. Nusu kilo hutoa punje 50 hivi. Zitenganisheni siku ileile ya kupanda bila kuzimenya, kila punje iingie sentimita 5 hadi 7, ncha juu, nafasi ya sentimita 15. Ardhi ikianza kuganda, funikeni kwa majani makavu ya ngano unene wa sentimita 10 hadi 15. Bila hayo, udongo ukiganda na kuyeyuka mara kwa mara unazisukuma punje hadi juu.

---

Shikamooni wote. Naongezea upande wa mifugo, maana hapo ndipo wengi wanakosea kwa huruma.

Kuku hawafi kwa baridi upesi, wanaumizwa na unyevu. Mtu akiziba banda lote, pumzi na mavi yao hujaza mvuke, mvuke unaganda kwenye undu, ile nyama nyekundu ya kichwani, na undu unageuka mweusi. Acheni matundu juu, karibu na paa, mbali na vijiti wanapolala. Chini zibeni upepo. Asubuhi pitisha kiganja kwenye dari: kikitoka na maji, matundu hayatoshi. Kisha chuchumaa hadi usawa wa kuku uvute pumzi. Macho yakiwasha, ongezeni maranda makavu, sentimita 10 kwenda juu. Taa ya joto juu ya maranda imeteketeza mabanda mengi, msiiweke. Mayai yaokotwe mara mbili kwa siku, yakiganda yanapasuka.

Mbuzi mmoja wa kilo 60 anakula kilo 2 hivi za nyasi kavu kwa siku. Kuanzia Novemba hadi mapema Mei ni siku 190, yaani kilo 380. Robota dogo lina kilo 20 hivi, kwa hiyo ni marobota 19. Lakini mbuzi hali nyasi alizozikanyaga, hesabuni 24 kwa kila mmoja. Yapangeni juu ya mbao, yasiguse sakafu. Nyasi zenye ukungu msiwape.

Mkitaka wapandwe, hamu yao ya dume inarudi kila siku 18 hadi 21, na mimba ni siku 150. Akipandwa katikati ya Novemba anazaa katikati ya Aprili, barafu ikiwa inaondoka. Sehemu zenye majimaji kando ya msitu wekeni uzio. Konokono wa hapo hubeba minyoo ya kulungu, na mbuzi akianza kuburuta miguu ya nyuma, mwiteni daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

---

Kuni na maji hazijaguswa. Kuni pasueni gogo moja, pimeni kwa kipima unyevu upande uliopasuka sasa hivi: unyevu uwe chini ya asilimia 20. Kuni mbichi hupaka bomba la moshi masizi ya lami, na hayo ndiyo yanayowaka. Bomba lisafishwe kabla ya moto wa kwanza, na kengele ya kaboni monoksidi iwekwe karibu na vyumba vya kulala. Majivu yatolewe kwa ndoo ya chuma yenye kifuniko na kuwekwa nje juu ya udongo, si barazani. Kaa linaweza kuishi humo siku kadhaa.

Mpira wa maji uchomoeni kwenye bomba la nje, hata kama bomba ni la aina isiyoganda. Mpira ukibaki, maji hayashuki, bomba linapasuka ndani ya ukuta, na mtalijua mwezi wa tatu.

Kuhusu watoto: Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma, na kabla ya saa kumi na moja jioni giza limeingia, basi wapeni kazi za banda mara wanaposhuka basi la shule. Kupe wakubwa wa kulungu bado wanatembea siku isiyo na barafu. Wakagueni kila jioni nyuma ya masikio, kwapani na nyuma ya magoti. Na Novemba ni msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki. Kila anayetoka nje avae fulana ya rangi ya chungwa kali, na mbuzi nao wafungwe kitambaa hichohicho shingoni.