Naomba ushauri: blauzi ya sari ya harusi nitie nakshi gani?

Mwali wa Tanga: Habarini wanajamvi. Naolewa na Mgujarati wa hapa Dar. Mama mkwe kanipa gharchola, ile sari nyekundu ya miraba ya zari (nyuzi za kung'aa) yenye vidoti vya kufungwa kwa uzi. Blauzi nishone kwa kipande kilichokuja na sari au nitafute mahameli? Na nakshi iwe zardozi ya Lucknow, ule udarizi wa nyuzi za madini, au vile vioo vidogo vya kushonea vya Kutch? Usingizi sina, nisaidieni.

Shangazi Kisutu: Hongera mwanangu. Mahameli kwa joto la Dar? Mimi nilivaa kwenye sendofu ya mdogo wangu 1998, picha zote nimeshika leso najifuta. Tumia cha sari, weka bitana ya pamba.

Mzee Upanga: Nguo si ndoa. Watoto watafuata dini gani, mmeshakaa mkaongea?

Fundi Ilala: Mzee, hajauliza hilo. Mwali, harusi lini, na kitambaa kiko wapi? Zardozi hutiwa kitambaa kikiwa kizima, kimewambwa kwenye fremu ya mbao. Zile nyuzi za madini ni nzito. Kikishakatwa kinavutika upande na kingo zinafumuka.

Mwali wa Tanga: Bado siku 12. Kitambaa nimeshakatisha. Mama mkwe alisema kisiguswe mpaka arudi kutoka Rajkot, lakini fundi wangu alikuwa na nafasi siku ile tu na nilishampa nusu ya pesa. Sioni kama nimekosea kiasi hicho.

Shangazi Kisutu: Ehee! Hilo ndilo ungeanza nalo.

Mkweli Daima: Hii chai. Siku 12 kabla ya harusi mama wa bwana harusi yuko India?

Binti Kariakoo: Si chai. Wenzetu wengi hufuata nguo za harusi huko. Jirani yetu alirudi na masanduku manne.

Mkweli Daima: Basi picha.

Mwali wa Tanga: Picha siweki, shemeji zangu wamo humu. Kipande ninacho mapajani sasa hivi. Upande wa kwapa zari imefumuka, nyuzi zinaninasa kwenye kucha.

Fundi Ilala: Anayeijua zari kwa kucha hatungi. Sikiliza mwali. Kingo zipigwe overloki leo leo. Zardozi idariziwe pembeni, kwenye ukanda wa hariri nyekundu, kisha upachikwe. Na usihangaike na shingo. Kwa uvaaji wa Kigujarati, pindo la sari linatoka mgongoni, linapita bega la kulia, linafunguliwa kifuani. Kifua chote kinafunikwa, kinachoonekana ni mikono. Pesa yako ipeleke huko. Vioo achana navyo, vitakwaruza sari.

Mwali wa Tanga: Vioo nimeshanunua, na navipenda.

Fundi Ilala: Basi viweke mkono wa kushoto, chini kabisa, mbali na pindo. Na mpigie mama mkwe kabla hajasikia kwa wengine.

Mzee Upanga: Hapo fundi kasema.

Mwali wa Tanga: Nimempigia. Kanyamaza muda, kisha kauliza kitu kimoja tu: mikono nimekata mirefu au mifupi.

Fundi Ilala: Umekata ipi?

Mwali wa Tanga: Mifupi.