Tupeane uzoefu: mliosoma haki jinai komyuniti koleji Marekani

Binti wa Pangani

Shikamooni wakubwa, wengine habari za saa hizi. Mtoto wa dada yangu kamaliza hai skuli hapa Minnesota na keshasema anachotaka: haki jinai, tena aanzie komyuniti koleji. Mama yake analia kila siku, anasema mwanangu anakwenda kuwa polisi wa Marekani, watamuua au ataua. Kwa kuwa kozi hiyo nimeisoma, nimeona nianze mimi, nanyi mlioipitia mfuate. Kijana atasoma hapa, kwa hiyo tumwambie kweli.

Kwa walio nyumbani: komyuniti koleji ni chuo cha miaka miwili, kama krediti 60 (vipimo vya uzito wa masomo), unatoka na shahada ya asosieti, iliyo chini ya shahada ya kwanza. Ada ni nafuu kuliko vyuo vikuu na madarasa ya jioni yapo, ndiyo maana sisi wabeba boksi tunajazana huko. Haki jinai ni polisi, mahakama na magereza vikisomwa kama mnyororo mmoja. Tanzania neno hili lilizoeleka zaidi mwaka 2023, Rais Samia alipounda ile tume ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman.

Mimi nilianza Agosti 2020. George Floyd, Mmarekani mweusi, alikuwa ameuawa na polisi Minneapolis Mei 25, na mimi nakaa Brooklyn Center, jirani tu. Darasani kwenye Zoom tulikuwamo watoto wa maaskari na watoto waliokuwa wametoka kuandamana. Mwalimu wetu, askari mstaafu, hakukwepa. Kesi ya Derek Chauvin, askari aliyemuua Floyd, ilipoanza kurushwa moja kwa moja Machi 2021, aliweka ratiba yake pembeni. Kazi tuliyopewa: andika kila pingamizi la wakili, jaji kalikubali au kalikataa, na kwa sababu gani. Nilikuwa naangalia kwenye simu huku nakunja nguo za wazee kazini. Hapo ndipo nilipoelewa ushahidi ni nini. Kabla ya hapo nilidhani ni kusema ulichokiona basi.

Aprili 11, kesi ikiwa inaendelea, kijana mweusi Daunte Wright akapigwa risasi akafa, na aliyempiga ni askari, hapa hapa Brooklyn Center. Alikuwa na miaka 20. Usiku ule hatukulala, helikopta juu ya paa, macho yanawasha kwa moshi. Kipindi kilichofuata kijana mmoja wa Kizungu ambaye baba yake ni askari alikuwa analia, na binti mmoja wa Kiliberia naye analia, kila mtu kwenye kisanduku chake. Mwalimu alinyamaza muda mrefu, kisha akasema leo hatusomi, leo tunasikilizana. Siku tisa baadaye Chauvin akakutwa na hatia kwa mashtaka yote matatu.

Sikuvaa sare. Leo nafanya kazi na waathirika wa uhalifu: nakaa nao kabla hawajatoa ushahidi, nawaeleza nani ni nani mahakamani, nawashika mkono. Ningerudi nyuma ningeisoma tena. Ila kosa moja nisingelirudia. Kuna asosieti ya kuendelea na chuo kikuu na kuna asosieti ya kuingia kazini, na majina yake yanafanana mno. Mimi nilichukua ya kazini bila kuuliza, na nilipohamia chuo kikuu krediti 14 zikakataliwa. Muhula mzima, na pesa yake. Mwanangu, kabla hujajiandikisha nenda na orodha ya masomo kwenye chuo unachotaka kuhamia, waulize somo kwa somo, majibu wakupe kwa maandishi. Na kama unataka sare, jua kwamba Minnesota inadai elimu ya chuo pamoja na mtihani wa leseni, kwa hiyo hakikisha programu yako ni ile inayotambuliwa na bodi ya maaskari.

Zamu ya Usiku

Asante dada. Mimi ni wa Eldoret, askari wa jela ya kaunti mwaka wa sita sasa, jimbo la kusini. Kwanza nitofautishe, maana kwetu ni neno moja tu. Hapa jela ya kaunti ni ya wanaongoja kesi na wenye vifungo vifupi, yaani kama rumande. Wafungwa wa miaka mingi wako magereza ya jimbo au ya serikali kuu. Wengi ninaowalinda hawajahukumiwa. Darasani tulirudiarudia hilo mpaka likaingia, na ninamshukuru Mungu liliingia kabla sijapewa funguo.

Kuajiriwa kwangu hakukuhitaji asosieti, cheti cha hai skuli kilitosha. Lakini somo moja nisingeweza kulikosa: kuandika ripoti. Tulionyeshwa video ya mtu anayeyumba barabarani, tukaambiwa tuandike. Mimi niliandika, "mtu alikuwa amelewa." Mwalimu akaikata kwa wino mwekundu. Akasema, umeona anayumba, umesikia maneno hayaeleweki, umeona jasho. Kulewa hukukuona, umekudhani. Yule mtu kwenye video alikuwa na kisukari, sukari imeshuka.

Mwaka wangu wa pili kazini, saa nane za usiku, akaletwa mzee. Karatasi inasema mlevi. Nikamsogelea: jasho jembamba, mikono inatetemeka, harufu ya pombe hakuna. Nikamwita muuguzi papo hapo. Sukari ilikuwa chini mno. Yule mzee alitoka hai. Wakisema hii kozi ni ya wavivu, mimi humkumbuka yeye.

Mtoto wa Nyarugusu

Mimi ni Mkongomani wa Fizi, nimekulia kambini Nyarugusu, Kigoma, tukahamishiwa Kentucky. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba ruzuku ya Pell, pesa ya masomo ya serikali kuu ambayo hurudishi, nami niliomba mara tu baba alipopata kazi kwenye kiwanda cha kuku na sisi wakubwa tukawa huru kidogo.

Kilichonipeleka darasani ni kesi ya mjomba. Ugomvi na jirani, polisi wakaja, mkalimani akawa kwenye simu. Mjomba akaulizwa, "Hukumpiga?" Akajibu, "Ndiyo." Nyote hapa mmemwelewa: ndiyo, sikumpiga. Kwa Kiingereza ikaandikwa kwamba amekubali. Miezi minne tulihangaika na neno hilo moja mpaka wakili aliyepewa na serikali akatafuta mkalimani mwingine aisikilize ile rekodi.

Halafu nikaja kusoma kesi ya Miranda ya 1966, iliyowataka polisi wamwambie mshukiwa, kabla ya kumhoji, kwamba ana haki ya kunyamaza. Nikaifikiria sana, maana sisi tumelelewa kwamba mkubwa akikuuliza unajibu, kunyamaza ni utovu wa adabu. Mjomba asingeweza kumnyamazia mtu mwenye bastola kiunoni hata angesomewa haki zake mara kumi. Niliyaandika hayo kwenye insha ya muhula na mwalimu akaniomba niisome mbele ya wenzangu.

Iliyonigusa zaidi ni ya Clarence Gideon, maskini wa Florida aliyeshtakiwa kuvunja ukumbi wa biliadi. Akaomba wakili, akanyimwa, akafungwa. Huko gerezani akaiandikia Mahakama ya Juu ya Marekani kwa penseli. Mwaka 1963 wakamkubalia kwamba asiye na uwezo katika kesi nzito lazima apewe wakili. Akashtakiwa upya, safari hii akiwa na wakili, akaachiwa. Wakili wa mjomba alitoka kwenye penseli ile. Sasa mimi ni mkalimani mahakamani na nasoma jioni nimalizie shahada ya kwanza.

Msukuma Mbichi

Nitakuwa mfupi, bado inauma. Nilikwenda kwa viza ya mwanafunzi. Wakala mmoja Mwanza aliniambia ukimaliza haki jinai polisi wanakuajiri. Nimefika, nimelipa ada ya mgeni, ambayo ni kubwa mara kadhaa ya wenyeji, na muhula wa tatu ndipo mshauri wa masomo ananiuliza: una makaratasi? Idara nyingi zilikuwa zinataka raia. California ilibadili sheria kuanzia 2023 ikaruhusu mwenye kibali halali cha kazi, Illinois ikafuata 2024, lakini FBI ni raia tu, na viza ya mwanafunzi si kibali cha kwenda kuwa askari. Nimerudi. Sasa nasoma diploma ya sheria Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto. Sheria ya ushahidi hainisumbui, hiyo nilishaimeza kule.

Mama Wawili

Mwanangu alisoma miaka miwili yote, alama nzuri, akakataliwa akademi ya polisi. Akiwa na miaka 19 aligombana na mpenzi wake aliyekuwa akiishi naye, akampiga kofi, akakiri kosa ili yaishe. Hakuna aliyemwambia kwamba sheria ya serikali kuu ya 1996 inamnyima bunduki mwenye kosa la kumpiga mwenza wake, hata likiwa kosa dogo. Bila bunduki hakuna upolisi. Simtetei, alimpiga yule binti na ni vibaya. Ila kijana akijua ana jambo nyuma yake, aonane na wakili kabla ya kujiandikisha. Wangu sasa anasomea ushauri nasaha kwa walioathirika na dawa za kulevya, na naona anaupenda.

Binti wa Pangani

Nimerudi. Kijana kasoma yote, hilo la "ndiyo" kalisoma mara mbili, kisha akaniuliza kama mkalimani anasomea wapi. Sijamjibu bado. Mtoto wa Nyarugusu, nakuomba unifuate faragha.

Jumatatu nina siku ya mapumziko, nampeleka mahakama ya kaunti tukakae viti vya nyuma kuanzia asubuhi. Ni wazi kwa kila mtu, hakuna kiingilio. Mama yake amesema na yeye anakuja.